MikroTik hAP ax²: ruta bora, Wi-Fi ya wastani

hAP ax² ni ruta bora yenye Wi-Fi ya wastani. Anayeinunua bila kulijua hilo ataishia kuilaumu bure, maana thamani ya kiboksi hiki kidogo haiko kwenye nguvu ya mawimbi. Iko kwenye RouterOS, mfumo endeshi uleule ambao MikroTik, kampuni ya Riga nchini Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, huuweka kwenye mashine zake kubwa zinazotumiwa na watoa huduma wa intaneti. Ukifungua menyu unakutana na BGP na OSPF (za kuelekeza njia kati ya mitandao), VLAN (ya kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa), foleni za kila aina na WireGuard (handaki salama la kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali), vyote viko tayari kutumika na hakuna leseni ya kuongezea. Kabla ya kununua jiulize kama utavigusa. Kama hutavigusa, zipo ruta nyingine zitakazokupa mawimbi makali zaidi kwa jasho kidogo.

Ndani kuna prosesa ya Qualcomm IPQ-6010 yenye viini vinne vya ARM vya biti 64 kwa kasi ya megahezi 864, kumbukumbu ya gigabaiti 1, na hifadhi ya megabaiti 128. Nyuma kuna matundu matano ya waya, yote ya gigabiti. Tundu la USB halipo, wala tundu la gigabiti 2.5. Namba ya kuitazama hapo ni hiyo 128. Mtangulizi wake, hAP ac², ana hifadhi ya megabaiti 16 tu, na wenye nayo wanajua adha ya kusasisha toleo la 7 la RouterOS: kifurushi kipya cha Wi-Fi kikishaingia, nafasi inayobaki ni ya kuhesabia, na sasisho linalofuata linaweza kugoma kwa kukosa pa kujishusha. Kwenye ax² tatizo hilo limekwisha.

Umeme unaingia kwa volti 12 hadi 28, na adapta inayokuja nayo ni ya volti 24. Wanaotumia sola huvutiwa kuichomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Inawaka, ila betri ikielemewa na volti zikashuka chini ya 12 ruta huanza kujizima na kujiwasha ovyo, na mtu akaanza kutafuta kosa kwenye mipangilio. Weka kipandisha volti kidogo cha 12 kwenda 24 kati ya betri na ruta, utulie.

Sasa Wi-Fi. Ni Wi-Fi 6, mikondo miwili kwa kila bendi: megabiti 574 kwa sekunde kwenye gigahezi 2.4 na 1,200 kwenye gigahezi 5. Hizo ni namba za karatasi, na kwa simu au kompyuta yenye antena mbili iliyo chumba kimoja na ruta tarajia nusu yake au zaidi kidogo. Antena zimo ndani, upana wa chaneli unaishia megahezi 80, na ukuta wa pili wa tofali unaonekana kabisa kwenye kipimo cha kasi. Kwa nyumba ya vyumba viwili au ofisi ndogo inatosha. Kwa nyumba kubwa usihangaike kupandisha nguvu ya kutoa mawimbi: simu yako haitapata nguvu mpya ya kujibu, kwa hiyo utaona vijiti vimejaa na mtandao haupiti. Ongeza kifaa cha pili kwa waya.

Kuna malalamiko mawili ya Wi-Fi yanayojirudia sana, na yote yana sababu ya wazi. La kwanza ni kwamba bendi ya gigahezi 5 haionekani baada ya kuwasha ruta. Ruta ikiangukia chaneli ya DFS, yaani ile inayotumiwa pia na rada, sheria inailazimu kusikiliza rada kwa sekunde 60 kabla ya kutoa mawimbi, na kwenye kipande cha rada za hali ya hewa, kati ya megahezi 5600 na 5650, kusikiliza huko ni dakika 10. Kwenye mipangilio ya chaneli weka `skip-dfs-channels=10min-cac` ili iruke kile kipande cha dakika 10, na usisahau kuweka nchi sahihi. La pili ni vifaa vya zamani, printa na balbu janja hasa, vinavyokataa kuunga. Mara nyingi kinachovishinda ni WPA3, usalama mpya wa Wi-Fi, au ulinzi wa fremu za usimamizi (ujumbe wa kuunga na kuachana kati ya ruta na kifaa). Usishushe usalama wa mtandao mzima kwa ajili ya printa moja. Tengeneza jina la pili la Wi-Fi juu ya redio ya 2.4, liwe WPA2 peke yake, na upana wa chaneli uwe megahezi 20.

Saa ya kwanza na kifaa hiki ndiyo inayoamua kama utakipenda. Nywila ya admin na ya Wi-Fi zimechapwa kwenye stika ya kifaa, kwa hiyo ipige picha kabla hujaibandika ruta ukutani. Tundu la kwanza ndilo la intaneti na linaomba anwani lenyewe kwa DHCP. Manne yaliyobaki pamoja na Wi-Fi yako kwenye daraja moja (bridge, yaani mtandao mmoja wa ndani), na ruta inapatikana kwa 192.168.88.1. Kama modemu yako nayo inagawa 192.168.88, badilisha upande mmoja kwanza. Ingia kwa WinBox, programu ya MikroTik ya kusimamia ruta ukiwa kwenye kompyuta, maana inakiona kifaa hata kisipokuwa na anwani ya IP, kwa kutumia anwani ya MAC. Ukurasa wa Quick Set ni mzuri siku ya kwanza tu. Ukishaanza kupanga mambo kwa mkono, usirudi huko kubonyeza Apply, kwa sababu Quick Set huandika upya vitu ambavyo hukuvigusa kwenye ukurasa huo.

Kisha sasisha. Chagua mkondo wa stable, pakua, acha ijiwashe upya. Hapo wengi huishia, na wanaacha kazi nusu: programu ya kuwashia kifaa, RouterBOOT, inasasishwa kivyake. Nenda System, kisha RouterBOARD, bonyeza Upgrade, halafu washa upya mara ya pili.

Kinachoipa ruta hii haki ya kununuliwa, kwa maoni yangu, ni foleni. Kila anayetumia laini ya kawaida anaujua ugonjwa huu: mtu mmoja anapandisha video au picha za simu kwenye hifadhi ya mtandaoni, na wengine wote nyumbani simu za video zinakatika, michezo inaganda, hata ukurasa mwepesi unasubiri. Kasi haijaisha. Modemu imejaza bafa yake (hifadhi ya muda) kwa paketi, yaani vipande vya data, za yule mmoja, na paketi ndogo za wengine zinasimama nyuma ya mlolongo huo. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakuponyi ugonjwa huu kwa uhakika. Dawa yake ni kuhamishia foleni kwenye ruta, mahali ambapo unaweza kuisimamia, na RouterOS toleo la 7 ina CAKE, mbinu ya kupanga foleni hiyo kwa haki, ndani yake.

Pima kwanza laini kwa waya, saa ambayo hakuna mwingine anayeitumia, huku ukiendesha ping (kipimo cha muda wa paketi kwenda na kurudi) kwenye dirisha la pembeni. Kama ping inaruka kutoka milisekunde 20 hadi 300 wakati wa kupakia, umeshaupata ugonjwa. Chukua asilimia 90 ya kasi uliyopima. Kwa laini ya megabiti 50 za kupakua na 10 za kupakia, amri zinakuwa hivi:

`/queue type add name=cake-juu kind=cake cake-flowmode=dual-srchost cake-nat=yes`

`/queue type add name=cake-chini kind=cake cake-flowmode=dual-dsthost cake-nat=yes`

`/queue simple add name=laini target=bridge max-limit=9M/45M queue=cake-juu/cake-chini`

Namba inayotangulia kwenye max-limit ni ya kupakia, inayofuata ni ya kupakua, kwa kuwa target ni daraja la ndani. Ukiweka tundu la intaneti kuwa target, mpangilio unageuka, na hapo ndipo watu wengi huizuia kasi ya kupakua kwa megabiti 9 halafu wakasema CAKE ni mbovu. Hizo dual-srchost na dual-dsthost zinagawa laini kwa haki baina ya vifaa, ili kompyuta yenye miunganisho 200 isiizidi simu yenye mmoja.

Baada ya hapo utaona foleni haihesabu kitu, au inahesabu kidogo mno. Sababu ni FastTrack. Fayawoli ya kiwandani ina kanuni inayozipitisha paketi za muunganisho uliokwisha kukubaliwa kwa njia ya mkato, na njia hiyo inaruka foleni za kawaida. Izime:

`/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]`

Miunganisho iliyokuwa imeshapita njia ya mkato itaendelea hivyo hadi ifungwe, kwa hiyo washa ruta upya kabla ya kupima tena. Ukitumia IPv6, angalia na kanuni za upande huo, kwani matoleo ya karibuni ya 7 yana FastTrack huko pia. Gharama ya kuizima ni prosesa: sasa kila paketi inapita fayawoli nzima na foleni. Fungua Tools, kisha Profile, uangalie matumizi ya viini wakati laini imejaa. Kwa laini ya megabiti mia moja au mia mbili ax² haipati shida. Ukikaribia gigabiti, chagua moja kati ya foleni na kasi kamili, na kwa laini nene kiasi hicho foleni ina kazi ndogo hata hivyo.

Kasoro moja ya njia hii iko kwenye laini za simu, ambazo kasi yake hupanda na kushuka kutwa. CAKE inafuata namba uliyoiandika, haijui kuwa mnara umeelemewa. Pima jioni, saa mbaya kuliko zote, uweke namba hiyo. Mchana utapoteza megabiti kadhaa, lakini simu za video zitasimama imara.

Linalowafukuza wageni wengi kwenye MikroTik ni kujifungia nje. RouterOS inatii papo hapo, haiulizi kama una uhakika. Kosa la kawaida kabisa ni kuwasha vlan-filtering kwenye daraja kabla ya kuliingiza daraja lenyewe kama mwanachama wa VLAN ya usimamizi. Unabonyeza, na dirisha la WinBox linakufa. Kinga ya kwanza ni Safe Mode. Bonyeza Ctrl+X kwenye dirisha la amri, au kitufe chake ndani ya WinBox, kabla ya kugusa jambo la hatari. Muunganisho wako ukikatika, mabadiliko yanarudishwa nyuma yenyewe, ila inaweza kuchukua hadi dakika 9 kwa sababu ruta inasubiri muunganisho wa TCP ukate tamaa. Usiichomoe umeme kwa papara. Jua pia kwamba kumbukumbu ya mabadiliko inabeba vitendo 100. Ukibandika msururu mrefu kuliko huo, Safe Mode inajizima na hakuna kinachorudishwa.

Kinga ya pili ni mlango wa dharura. Toa ether5, yaani tundu la tano, kwenye daraja, upe anwani yake yenyewe, mathalani 192.168.99.1/24, uiache hivyo daima. Hapo usisahau jambo moja: kanuni ya kiwandani inatupa kila kinachoielekea ruta kama hakikutoka kwenye orodha ya LAN (mtandao wa ndani), na hata kuingia kwa MAC kunafuata orodha hiyo. Bila kuiongeza ether5 kwenye orodha ya LAN, mlango wako wa dharura umefungwa kwa ndani:

`/interface list member add list=LAN interface=ether5`

Kuhusu usalama, historia yenyewe inafundisha. Mwaka 2018 lilijulikana tundu la usalama kwenye WinBox, CVE-2018-14847, lililomwezesha mtu wa nje kusoma faili la watumiaji bila nywila. Marekebisho yalitoka mwezi Aprili mwaka huohuo. Lakini mwaka 2021 lilipoibuka jeshi la ruta zilizotekwa, lililopewa jina Mēris, MikroTik ilieleza kuwa ruta hizo zilikuwa zilezile zilizovamiwa 2018. Kusasisha peke yake hakukumtoa aliyekwisha kuiba nywila na kuacha mlango wake ndani. Kwa hiyo ukinunua MikroTik iliyotumika, usianze na sasisho. Anza kwa kuifuta kabisa kwa Netinstall, programu ya kompyuta inayoweka RouterOS upya. Kwa iliyo mpya, acha fayawoli ya kiwandani kama ilivyo, zima huduma usizotumia kwenye IP, Services, hasa telnet, ftp na api, na usifungue WinBox kwa dunia nzima hata kwa muda wa nusu saa. Anayetaka kuingia akiwa mbali apitie WireGuard. Na kama umeandika fayawoli yako mwenyewe huku DNS ya ruta (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ikiwa na `allow-remote-requests=yes`, hakikisha bandari 53 imefungwa upande wa intaneti, vinginevyo ruta yako itatumika kushambulia wengine nawe ukashangaa laini inaenda wapi.

WireGuard imo ndani ya mfumo na inapangwa kwa dakika chache. Asiye na anwani ya umma, yaani yuko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (anagawana anwani moja na wateja wengine), atumie Back To Home: inajenga WireGuard hiyohiyo kwa kupitia seva ya MikroTik pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana, na programu yake ya simu haihitaji utaalamu. Handaki likiunga, ping ikapita, lakini kurasa nzito zikaganda nusu, shida ni MTU, ukubwa wa juu wa paketi. Chaguo la awali ni 1420. Shusha hadi 1280. Kurasa zikifunguka, panda taratibu hadi zitakapoanza kuganda tena, kisha rudi hatua moja.

Ushauri wa mtandaoni kuhusu MikroTik ni mwingi na una ukarimu mkubwa. Wapo watu wanaokusomea mipangilio mizima ya mgeni na kumwonyesha mstari wenye kosa. Ila sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya toleo la 6. Ukiona `/interface wireless`, hayo si ya ax². Tangu toleo 7.13 menyu ya redio zake ni `/interface wifi`, na mpangilio wa majina ni mwingine kabisa. Anayegawa watumiaji kwenye laini mbili za intaneti atakuta mfano wa zamani unaoandika routing-mark tu ukaisha; kwenye toleo la 7 lazima kwanza uunde jedwali kwa `/routing table add name=laini2 fib`, la sivyo alama hiyo haikubaliki. Unapoomba msaada, toa `/export`, amri inayoandika mipangilio yote kama maandishi, ambayo kwenye toleo la 7 huficha nywila yenyewe, lakini bado futa anwani yako ya umma na namba ya kifaa kabla ya kubandika. Picha ya skrini ya dirisha moja haimsaidii mtu yeyote.

Hiyohiyo export ndiyo nakala ya akiba ya kuaminika. Faili la backup la kawaida limekusudiwa kifaa kilekile. Kulipakia kwenye kifaa kingine huleta mikanganyiko, anwani za MAC zikiwemo. Tunza vyote viwili nje ya ruta, na kwa akiba yako binafsi ongeza `show-sensitive` ili nywila zibaki.

Kitufe cha reset kina kazi tatu, na anayekishika bila kuhesabu hupata asichokitaka. Kishikilie huku ukichomeka umeme. Taa ikianza kumemeta, achia, mipangilio inafutwa. Ukiendelea hadi taa itulie, kifaa kinageuka kuwa kituo cha Wi-Fi kinachosubiri kuongozwa na ruta nyingine, na wengi hudhani kimekufa. Ukishikilia hadi taa izime, kinatafuta Netinstall. Kwa hiyo ya mwisho waya uwe kwenye tundu la kwanza, kompyuta iwe na anwani ya kudumu, Wi-Fi yake izimwe na fayawoli yake isiizuie programu. Ikiwa kifaa hakionekani, ni moja kati ya hayo manne.

Kama hAP ax² inakuvutia lakini unataka USB ya kuhifadhia au kuendeshea kontena (programu zinazojitegemea ndani ya ruta), tundu la gigabiti 2.5, au antena za nje, nenda hAP ax³: prosesa ni ileile ila inafika gigahezi 1.8. hAP ax lite ina bendi ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ichukue kama ruta ya waya yenye Wi-Fi ya ziada. Na kama Wi-Fi ya nyumba nzima inabebwa tayari na vifaa vingine, ax² inafanya kazi vizuri sana ikiwa ruta pekee. Zima redio zake, wape wale wengine kazi ya mawimbi, nayo ibaki na foleni, fayawoli na handaki.